Mwimbishaji kati ya Lugha Mbili: Utunzi wa Nyimbo za Ibada za Wayahudi wa Mbale, Mashariki mwa Uganda

Ikisiri

Makala haya yanahakiki nyimbo za ibada za Abayudaya, yaani Wayahudi wa mashariki mwa Uganda, kwa kujikita katika kazi za waimbishaji na watunzi wawili: Gershom Sizomu na Joab Jonadab Keki, anayefahamika zaidi kama J.J. Keki. Nyimbo hizo zimepata wasikilizaji wengi nje ya Uganda, na mara nyingi zimepokewa kama mseto wa kupendeza wa maneno ya Kiyahudi na mahadhi ya Kiafrika. Makala yanaonesha kwamba maelezo hayo hayagusi kiini cha kazi yenyewe. Tatizo ambalo watunzi hawa walikabiliana nalo lilikuwa la lugha: jinsi ya kuwafanya waumini waliopokea dini yao kupitia Kiganda waimiliki ibada ya Kiebrania bila kukidharau Kiganda kilichowafikisha hapo. Mahadhi ndiyo yaliyolitatua tatizo hilo. Makala yanahitimisha kwamba zaburi zinazoimbwa kwa lugha zote mbili ndizo kilele cha utunzi huu, na kwamba ndizo zilizo katika hatari kubwa zaidi ya kupungukiwa na nafasi.

1.0 Utangulizi

Mbale ni mji uliozoea sauti za ibada za namna nyingi. Adhana husikika kutoka misikitini, kwaya husikika kutoka makanisani, na tangu mwaka 1988 mji huo umekuwa makao ya Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda. Nje kidogo ya mji, katika kilima cha Nabugoye kilichopo Namanyonyi, kuna sauti nyingine. Jua linapotua siku ya Ijumaa, waumini wa sinagogi huipokea Sabato kwa nyimbo ambazo nyingine ni za Kiebrania, nyingine za Kiganda, na nyingine huanza kwa lugha moja zikaishia kwa lugha ya pili.

Kwa mtafiti wa Kiswahili, ibada ya lugha mbili si jambo geni. Fasihi ya pwani ilikua katika mazingira hayo hayo. Katika Hamziya ya Sayyid Aidarus, mstari wa Kiarabu hufuatwa na mstari wa Kiswahili, na msomaji hupita kutoka kwenye lugha ya asili ya kasida hadi kwenye lugha ya nyumbani kwake bila kuondoka katika ibada. Mwenye Mansabu wa Lamu naye aliwafasiria Waswahili Maulidi ya Barzanji. Uhakiki wa Kiswahili umeyachunguza matini hayo kwa kina, lakini ndani ya Afrika Mashariki hiyo hiyo ibada ya lugha mbili ya Wayahudi wa Uganda haijapewa nafasi inayostahili katika mijadala yake. Aghalabu imeachiwa wanamuziki na wanahistoria. Kati ya hao anatajika Jeffrey Summit, mtaalamu wa muziki wa ibada, ambaye mkusanyo wake wa nyimbo za jumuiya hii ulitolewa na Smithsonian Folkways mwaka 2003 na baadaye kuteuliwa kuwania tuzo ya Grammy.

Mkusanyo huo uliwafungulia wasikilizaji mlango, lakini pia ulizoesha aina fulani ya usikilizaji. Msikilizaji wa mbali husikia mahadhi kwanza na maneno baadaye, tena maneno anayoyatambua ni yale ya Kiebrania tu. Kiganda kwake hugeuka kuwa rangi ya wimbo. Makala haya yanageuza utaratibu huo: yanaanza na lugha, kisha yanauliza mahadhi yanafanya kazi gani kwa ajili yake.

2.0 Usuli: Kutoka Jinja hadi Gangama

Historia ya jumuiya hii haiwezi kutenganishwa na Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyeziingiza sehemu kubwa za mashariki mwa Uganda chini ya himaya ya Waingereza mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Kama anavyoonesha Michael Twaddle katika utafiti wake kuhusu maisha ya kiongozi huyo, Kakungulu alitarajia kupewa ufalme, na Waingereza hawakumpa. Kati ya mwaka 1906 na 1913 alikuwa rais wa Lukiko la Busoga, wadhifa uliomweka Jinja na viunga vyake, karibu na chanzo cha Nile. Ulikuwa wadhifa mkubwa kwa jina, lakini mamlaka yake yalibanwa na maofisa wa kikoloni. Alirejea Mbale mwaka 1913 akiwa amevunjika moyo, akaelekeza nguvu zake katika kuyasoma Maandiko.

Maandiko aliyoyasoma yalikuwa ya Kiganda. Biblia kamili ya lugha hiyo ilikamilishwa mwaka 1896 kwa kazi ya George Pilkington na wasaidizi wake Waganda, miongoni mwao Henry Wright Duta. Jambo hili lina uzito kwa historia ya lugha katika eneo zima. Wasomaji wa mwanzo wa Kikristo katika Buganda walikuwa wametumia matini ya Kiswahili kabla ya tafsiri ya Kiganda kupatikana, lakini wamisionari, wakiongozwa na Askofu Tucker, walikikataa Kiswahili kwa kukihusisha na Uislamu. Hivyo Kiganda kikawa lugha ya dini hata katika nchi za Wasoga, Wagwere na Wagisu. Kakungulu alijiunga kwanza na madhehebu ya Malaki, yaliyokataa dawa za hospitali na kushika Sabato ya Jumamosi. Mwaka 1919 alikwenda mbali zaidi: alitahiriwa pamoja na wanawe, akajitenga, na kuanzisha jumuiya yake huko Gangama, chini ya Mlima Elgon. Hata jina lililoshika, Abayudaya, ni neno la Kiganda linalomaanisha Wayahudi.

Kwa hiyo jumuiya ilizaliwa ikiwa na kitabu, haina sauti ya Kiebrania. Mwaka 1920 Myahudi mgeni aliyejulikana kwa jina la Yosef alikaa na Kakungulu kwa takriban miezi sita akimfundisha kalenda, sikukuu na baadhi ya sala. Mwaka 1922 Kakungulu alitoa kitabu cha Kiganda cha mafundisho na sala kwa wafuasi wake. Nyimbo za siku hizo za mwanzo zilitokana na vifungu vya Biblia ya Kiganda, ambapo Wimbo wa Musa, katika sura ya 32 ya Kumbukumbu la Torati, ulipewa nafasi ya pekee. Waimbaji walikuwa watu waliolelewa katika Kanisa la Kianglikana, na uimbaji wao wa sauti kadhaa ulibeba alama za malezi hayo. Kakungulu alifariki tarehe 24 Novemba 1928, akaacha nyuma yake jumuiya iliyojua kuimba Torati kwa Kiganda na kujua maneno machache tu ya lugha yake ya asili.

Pigo kubwa lilikuja chini ya utawala wa Idi Amin, ambao ulipiga marufuku dini ya Kiyahudi. Waumini walisali kwa siri, na wengi wakaiacha dini. Sizomu, aliyekuwa mtoto wakati huo, amesimulia jinsi baba yake alivyokamatwa kwa kujenga kibanda cha sikukuu ya Sukoti na kuachiliwa baada ya familia kutoa mbuzi. Ni katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1973, Amin alipokitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, hatua iliyozidi kukifungamanisha Kiswahili na kambi za jeshi katika masikio ya raia wengi. Historia ina kejeli zake: Kampala ilikombolewa tarehe 11 Aprili 1979 na Jeshi la Wananchi wa Tanzania likishirikiana na wapiganaji wa Uganda, na jioni ya siku hiyo ndiyo iliyokuwa mkesha wa Pasaka ya Wayahudi, sikukuu ya kutoka utumwani. Wakombozi nao walisema Kiswahili.

3.0 Dhana ya Mwimbishaji

Katika sinagogi, mtu anayeongoza sala kwa sauti huitwa hazani kwa Kiebrania. Makala haya yanatumia neno mwimbishaji kwa kuwa ndilo linaloeleza kazi yake kwa msomaji wa Kiswahili: yeye haimbi mbele ya watu, anawaimbisha watu. Kazi hiyo ina sehemu tatu. Mwimbishaji hutamka maneno kwa niaba ya wasioweza kuyatamka. Hulinda mpangilio wa sala na mahadhi yake. Na pale anapojaliwa kipaji, hutunga mahadhi mapya kwa maneno ya kale. Kwa kawaida hatungi maneno. Utunzi wake unaishi katika uhusiano wa neno lililokwisha kuwapo na sauti mpya.

Mfano mashuhuri wa Ulaya unasaidia kuliona jambo hili. Salomon Sulzer, mwimbishaji wa sinagogi la Vienna aliyeishi kati ya mwaka 1804 na 1890, alitunga nyimbo za ibada kwa mtindo wa muziki uliotawala katika mji wake. Mwaka 1828 Franz Schubert, asiyekuwa Myahudi, alitunga kwa ajili yake mahadhi ya Zaburi ya 92 kwa maneno ya Kiebrania. Hakuna mhakiki anayeuita muziki wa Sulzer mseto wa kigeni. Huhesabiwa kuwa sehemu ya urithi wa sinagogi. Zaburi hiyo hiyo ya Sabato huimbwa Nabugoye kwa mahadhi ya mashariki mwa Uganda. Kama Sulzer aliruhusiwa kuimba kwa sauti ya Vienna, hakuna sababu ya kihakiki ya kumwona Sizomu kuwa kiroja anapoimba kwa sauti ya Mbale.

Tofauti iliyopo ni ya lugha. Waumini wa Sulzer walikuwa na mapokeo marefu ya kusali kwa Kiebrania, hata kama lugha yao ya kila siku ilikuwa Kijerumani. Waumini wa Nabugoye hawakuwa na mapokeo hayo. Wakati vijana wa jumuiya, wakiwamo Keki na Sizomu, walipokusanyika katika kilima hicho katika miaka ya 1980 ili kuifufua dini iliyokaribia kufa, walikuwa na Biblia ya Kiganda, vitabu vichache na sauti zao. Wimbo ulikuwa darasa la Kiebrania kabla darasa lenyewe halijajengwa, na ulikuwa pia njia ya kuwarejesha vijana waliokuwa wamepotelea kwingine.

4.0 Uchambuzi

4.1 Zaburi na Madai ya Kiganda

Kiganda ni lugha yenye toni, na urefu wa irabu na mkazo wa konsonanti hubadilisha maana. Kitenzi okuta humaanisha kuachilia. Okutta humaanisha kuua. Mtunzi anayepuuza tofauti hiyo anaweza kumfanya mwabuduo amwombe Mungu jambo ambalo hakulikusudia. Tatizo hilo lilijadiliwa mapema katika muziki wa Kikristo wa Uganda. Joseph Kyagambiddwa, mtunzi Mkatoliki, alifanya kazi kubwa ya kuonesha kwamba ibada ya Kiganda inaweza kusimama juu ya muziki wa Kiganda, na oratorio yake kuhusu Mashahidi wa Uganda, ya mwaka 1964, ndiyo ushahidi wake mkubwa. Nyimbo za tenzi zilizoletwa na wamisionari zilikuwa zimewalazimisha waumini kuvuta silabi fupi na kukata zile ndefu.

Zaburi za Abayudaya zinapaswa kusomwa ndani ya mjadala huo. Katika rekodi zilizopo, zaburi kadhaa, zikiwamo ya 92, 93, 121, 136 na 150, zimepewa mahadhi na jumuiya yenyewe. Tuchukue Zaburi ya 136. Ina mistari 26, na kila mstari humalizikia kwa kishazi kile kile cha kusifu fadhili za Mungu. Kwa msomaji wa kimya, marudio hayo huchosha. Kwa jamii iliyozoea kiongozi na kiitikio, ndiyo muundo kamili wa wimbo. Mwimbishaji hubeba historia, yaani uumbaji, Misri, bahari na jangwa, na waumini hubeba hukumu kuhusu historia hiyo. Asiyejua neno lolote la mstari wa kwanza anaweza kuitikia mara 26 na kutoka akiwa ameshiriki sala nzima. Ikiwa kiitikio ni cha Kiebrania, atakuwa pia amejifunza maneno ya Kiebrania ambayo hatayasahau.

Hapa ndipo utunzi unapoonesha ustadi wake. Mtunzi hakulazimika kuibadili zaburi ili iwe ya Kiafrika. Alitambua kwamba zaburi tayari ilikuwa na umbo ambalo watu wake walilijua. Mahadhi yanaifichua sifa iliyokuwa ndani ya matini, na hicho ndicho kipimo bora cha tafsiri yoyote. Kwa upande wa Kiganda, kuimbwa kwa zaburi sambamba na Kiebrania kunakataa wazo kwamba lugha ya tafsiri ni ngazi ya kutupwa baada ya kupanda. Muumini aliyejua Mungu wa Israeli kwa jina la Katonda haambiwi kwamba alikuwa amekosea.

4.2 Lecha Dodi: Kiebrania Kinapopewa Nyumba

Kazi ya Sizomu inayojulikana zaidi ni mahadhi yake ya Lecha Dodi, utenzi wa kuipokea Sabato uliotungwa na Shlomo Halevi Alkabetz wa Safed katika karne ya 16. Utenzi huo huilinganisha Sabato na bibi harusi anayekuja kupokewa. Herufi za mwanzo za beti nane za kwanza huunda jina la mtunzi, desturi isiyo mbali na ile ya mshairi wa Kiswahili kujitaja katika beti za kaditamati. Kila ubeti hufuatwa na kiitikio, na katika ubeti wa mwisho waumini hugeukia mlangoni kumpokea mgeni wao.

Maneno haya hayana njia ya mkato kwa mwimbaji wa Kiganda. Kiebrania kina silabi nyingi zinazofungwa na konsonanti, ilhali silabi za Kiganda huishia na irabu. Sauti kh, inayosikika katika neno la kwanza kabisa la utenzi, haimo katika Kiganda. Jambo la kuvutia ni kwamba sauti hiyo imo katika Kimasaba, lugha ya Wagisu wanaoizunguka Nabugoye, ambao kiambishi khu- hutokea katika vitenzi-jina vyao vyote. Lugha ya jirani, ambayo haikupewa nafasi na Biblia ya mwaka 1896, ndiyo iliyokuwa na sauti ambayo Kiebrania kiliihitaji.

Sizomu hakutafsiri utenzi huu. Aliyaacha maneno ya Alkabetz yalivyo, akayapa mahadhi tulivu yenye mwendo wa kuyumba, ambayo waimbaji huyabeba kwa sauti zinazokwenda sambamba. Uamuzi huo ni wa kihakiki. Zaburi zilikuwa zimekwisha kuishi katika Kiganda tangu enzi za Kakungulu. Lecha Dodi haikuwa na maisha hayo, kwa kuwa haimo katika Biblia. Kuitafsiri kungekuwa kuianza upya bila mapokeo. Kwa kuiacha katika Kiebrania na kuizungushia mahadhi ya nyumbani, mtunzi anawaambia waumini kwamba lugha ngeni inaweza kukaa katika nyumba yao kama bibi harusi wa utenzi wenyewe: anakuja kutoka mbali, anapokewa mlangoni, na baada ya hapo si mgeni tena. Taswira ya matini na tendo la utunzi zinakutana. Ni vigumu kupata katika mkusanyo mzima wimbo mwingine ambamo umbo na maana vimeafikiana kwa kiwango hicho.

4.3 Keki na Wimbo Unaotoka Nje ya Sinagogi

Keki anatofautiana na Sizomu kwa mwelekeo. Sizomu alisoma katika Chuo Kikuu cha Kiyahudi cha Marekani, Los Angeles, akatawazwa kuwa rabi mwaka 2008, na mwaka 2016 akachaguliwa kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini. Keki ni mkulima. Sauti yake ya uimbishaji ilitoka sinagogini ikaenda shambani. Alikuwa New York siku ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001, na aliporejea nyumbani alitafuta namna ya kuwaunganisha majirani wa dini mbalimbali. Mwaka 2004 alianzisha ushirika wa kahawa wa Mirembe Kawomera, jina la Kiganda linalomaanisha amani tamu, uliowakusanya wakulima Wayahudi, Waislamu na Wakristo.

Keki aliwahimiza wakulima watunge nyimbo kuhusu ushirika, na nyimbo hizo zilichapishwa katika mkusanyo wa pili wa Smithsonian Folkways mwaka 2013. Lugha ndani yake ni nyingi, kama zilivyo nyingi mashambani. Mkulima huelezwa kwa wimbo namna ya kuitunza kahawa, faida ya kuuza kwa pamoja, na ubaya wa kugombana kwa ajili ya dini. Mhakiki anayetafuta ulinganifu katika Kiswahili atazikumbuka ngonjera za enzi ya Ujamaa, ambazo nazo zilitumia sanaa ya jukwaani kuelimisha wananchi.

Ulinganifu huo unasaidia pia kuona udhaifu. Kama ilivyokuwa kwa ngonjera nyingi, baadhi ya nyimbo za kahawa hubeba ujumbe hadi ujumbe ukaubeba wimbo. Lililo imara ndani yake ni muundo wa kiongozi na kiitikio. Kanuni ile ile iliyomwezesha muumini asiyejua Kiebrania kushiriki Zaburi ya 136 ndiyo inayomwezesha Mwislamu, Mkristo na Myahudi kuitikia pamoja bila yeyote kuikana sala yake. Keki ameiondoa kazi ya mwimbishaji sinagogini, lakini amebaki na kiini chake: kuwapa watu wasiofanana neno moja la kuitikia.

Udhaifu mkubwa zaidi umo katika kundi la tatu la nyimbo, zile zilizolengwa wageni. Tangu wajumbe wa shirika la Kulanu la Marekani walipoanza kuitembelea jumuiya katika miaka ya 1990, na hasa baada ya rekodi ya mwaka 1997 iliyouzwa nje, zilijitokeza nyimbo za ukaribisho zenye salamu za Kiebrania na Kiingereza. Ni nyimbo za furaha, na mgeni huzipenda haraka. Lakini ndani yake ule mvutano wa lugha mbili haupo tena. Kiganda hupungua, Kiebrania hubaki neno moja au mawili yanayojulikana kila mahali, na mahadhi hayana tatizo la kulitatua. Wimbo usio na kazi ya kufanya hauishi muda mrefu katika kumbukumbu ya ibada.

5.0 Tathmini: Nani Anayeitambua Sauti?

Suala hili lingekuwa la kisanaa tu kama jumuiya isingekuwa ikiulizwa kila mara kama ni ya Kiyahudi. Mwaka 2002 mamia ya Abayudaya walipitia taratibu za uongofu mbele ya marabi wa mkondo wa Kihafidhina. Mwaka 2016 Wakala wa Kiyahudi uliitambua jumuiya, lakini mwaka 2018 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israeli ilikataa ombi la mwanajumuiya mmoja la kuhamia huko. Katika mazingira hayo, kila wimbo una mashahidi na mahakimu. Kiebrania sahihi na mahadhi yanayojulikana katika masinagogi ya Marekani na Israeli ni hati ya utambulisho. Zaburi ya Kiganda haileti hati yoyote.

Hatari iliyopo haitokani na uadui. Wageni wengi wamezisifu nyimbo za Nabugoye na kuwasihi wenyeji wazitunze. Hatari imo katika mafanikio yenyewe. Marabi waliosoma ng'ambo, vitabu vya sala vinavyoletwa na wafadhili na vijana wanaosoma Kiebrania vizuri zaidi kuliko wazazi wao wanapunguza ile haja iliyozaa utunzi wa lugha mbili. Kizazi cha Keki na Sizomu kiliimba Kiganda kwa sababu ndicho kilichokuwa mlango. Kizazi kinachofuata kinaweza kuingia kwa mlango mwingine, na kikauona ule wa kwanza kuwa wa nyuma.

Hapo ndipo uhakiki unapopaswa kusema wazi. Kama nyimbo hizi ni mseto tu, basi sehemu ya Kiafrika inaweza kubaki katika ngoma na miondoko hata Kiganda kikiondoka, na msikilizaji wa mbali hatagundua kilichopotea. Kama ni kazi ya tafsiri, kama makala haya yanavyodai, basi kuondoka kwa Kiganda ni kuondoka kwa nusu ya matini. Utaratibu wa Hamziya unafundisha somo hilo: ukiufuta mstari wa Kiswahili, Kiarabu kitabaki, lakini hakutakuwa tena na Hamziya ya Waswahili.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba waimbishaji wa Mbale walirithi dini iliyokuja kwa Kiganda na sala iliyodai Kiebrania, na kwamba mahadhi yalikuwa njia yao ya kuzipa lugha hizo mbili hadhi sawa mbele ya waumini. Zaburi zinazoimbwa kwa lugha zote mbili ndizo kazi zao kubwa. Lecha Dodi ya Sizomu ndiyo mfano bora wa Kiebrania kilichopewa makao. Nyimbo za kahawa za Keki zinapanua maana ya uimbishaji. Na nyimbo za ukaribisho, pamoja na uchangamfu wake, ndizo dhaifu zaidi.

Njia ya kutoka Jinja kwenda Mbale hupita Namutumba, ambako kuna sinagogi jingine la jumuiya hii katika nchi ya Wasoga. Mtafiti anayepita njia hiyo hupita pia katika Kisoga, Kigwere, Kimasaba na Kiganda, na Kiswahili husikika katika kila kituo cha mabasi. Kwa sasa Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kikatiba, na kinafundishwa katika nchi ambayo wamisionari waliwahi kukifungia mlango wa kanisa. Wataalamu wake wana uzoefu wa karne kadhaa wa kusoma matini zilizoandikwa mstari kwa mstari katika lugha mbili. Wanapaswa kuzikusanya zaburi za Nabugoye na Namutumba, kuandika maneno yake ya Kiganda kwa toni na urefu wake, na kuyafasiri, wakati waliozitunga na waliozijifunza kwao wangali wanaziimbisha.